Hewa ya Kushoto

Mwalimu yule alifariki Jumanne asubuhi, na kabla jua halijafika utosini mtaa mzima ulikuwa umeshapata jibu la nani kamuua. Ni Kidege. Nani mwingine? Si ndiye aliyekuwa pale mbele anabonyeza vidude?

Kidege halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Alibandikwa na mjomba wake, kaka wa mama, rubani wa siku nyingi, enzi Kidege akiwa binti mdogo wa kukimbia uani mikono ameitanua kila ndege inapopita juu ya paa. Jina likaganda. Hata alipokuwa mtu mzima mwenye sare na tepe mbili mabegani, wenzake kazini hawakumwita vingine. Sasa jina hilo liliwapa watu wa mtaani mchezo. "Ndege kagonga ndege, Kidege anatazama," alisema muuza vocha wa pale kona, na waliosimama kivulini wakaangua kicheko. Walipomwona mama yake Kidege anapita na mfuko wa nyuzi, kila mmoja akageukia simu yake kana kwamba zote zimeita kwa pamoja.

Mama alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilikuwa kiwanda chake: mashine dirishani, meza ya kukatia, benchi la wateja na kioo kirefu chenye ufa. Alipoingia alimkuta mteja wake wa miaka na miaka amesimama katikati ya chumba. Hakutaka kukaa.

"Nimefuata kitambaa changu."

"Bado sijakikata. Njoo Ijumaa utakikuta tayari."

"Hapana, nipe hivyo hivyo. Nitashonesha kwingine. Wewe sasa hivi una mambo mengi."

"Vipimo vyako ninavyo mimi."

"Najua, dada. Nipe tu."

Mama akakikunja kitambaa taratibu, pindo juu ya pindo, kama anayekunja nguo za mtoto, akampa. Mteja alipotoka hakuaga. Kidege alikuwa ameketi kitandani chumba cha ndani, mlango umerudishwa nusu, na kila neno lilimfikia.

"Amekufa?" aliuliza.

"Nani kakwambia?"

"Hajaniambia mtu. Nimesikia ulivyokunja kitambaa."

Mama akasimama mlangoni. "Wametangaza redioni," alisema. "Kifua kilishindwa. Alikuwa na pumu."

*

Ilivyokuwa ni hivi.

Safari ilikuwa ya asubuhi, siku chache kabla ya kifo hicho, ndege ya injini mbili za mapangaboi, abiria karibu wamejaa. Mjomba ndiye aliyekuwa kapteni, Kidege rubani msaidizi. Haikuwa mara nyingi kupangwa pamoja, na tangu siku ya kwanza walikubaliana kwamba undugu unabaki getini. Huko angani hakuna mjomba wala mwanangu. Kuna kapteni na msaidizi wake.

Hewa wanayovuta abiria huko juu haitoki nje moja kwa moja. Nje ni nyembamba mno, haimtoshi mtu. Hukamuliwa kutoka ndani ya injini, ikapozwa, ikasukumwa kwenye kabini mpaka ikajaa vya kutosha watu kupumua na kusinzia. Kila injini ina vali yake ya kupitishia hewa hiyo. Vali ya kulia ilikuwa imekwama tangu wiki iliyopita. Mafundi waliifunga kabisa, uongozi ukasema ndege iendelee kuruka kwa hewa ya injini moja mpaka kipuri kifike. Kanuni inaruhusu. Kinachotakiwa ni injini ya kushoto isipatwe na jambo.

Injini ya kushoto ikapatwa na jambo. Hawajapanda sana kutoka uwanjani, kundi la ndege weupe likachomoka chini ya mawingu. Wengi walipita. Mmoja hakupita. Ukasikika mshindo kama mtu kapiga bati kwa rungu, ikafuata harufu ya manyoya yanayoungua. Injini ikatetemeka, mishale ya saa zake za vipimo ikayumba, kisha ikatulia.

"Kapteni, turudi?" aliuliza Kidege.

"Soma saa zote."

Akasoma. Zote zilikuwa sawa, ila mtetemo ulikuwa juu kidogo.

"Basi tunarudi kufanya nini? Tukaulizwe kwa nini tumechoma mafuta bure?" Mwezi uliopita kapteni mmoja alirudisha ndege kwa sababu ya taa iliyowaka bila sababu, akapewa onyo la maandishi. Kila rubani alikuwa analijua onyo hilo kwa kichwa. "Tunaendelea."

Wakaendelea. Walipofika juu ya milima ndipo ikaja harufu nyingine, ya soksi zilizosahauliwa kwenye kiatu chenye maji. Kisha kitu kama ukungu wa buluu kikaanza kujikunjua kutoka kwenye matundu ya hewa. Simu ya kabini ikalia. Alikuwa mhudumu, sauti yake bado ya kikazi.

"Huku nyuma kuna moshi. Unatoka matundu ya juu."

Wakavaa barakoa zao za oksijeni. Abiria hawakuwa nazo. Ndege ile haikuruka juu kiasi cha kulazimika kumwekea kila mtu ya kwake. Kidege akaelewa mara moja. Injini ilikuwa imejeruhiwa ndani, mafuta ya kulainishia yanavuja, yanaungua, na yanapulizwa kwa watu pamoja na hewa yao. Dawa yake ni moja na kila rubani anaifahamu: funga hewa ya injini iliyoumia. Akapeleka mkono kwenye swichi.

"Nafunga hewa ya kushoto."

"Subiri."

"Kapteni, huu ni moshi wa mafuta."

"Nimesema subiri! Ukiifunga hiyo hatuna nyingine. Itabidi tushuke, na chini yetu ni milima. Tutashukia wapi? Utakwisha wenyewe."

Kidege akasubiri. Kidole kilikuwa juu ya swichi, na swichi ilikuwa imeanza kupata joto la kidole chake. Simu ikalia tena. Sasa mhudumu alikuwa anakohoa katikati ya maneno. Kidege akamtazama kapteni. Kapteni alikuwa anatazama mbele, amekamata usukani kwa mikono yote miwili, na nyuma ya kioo cha barakoa macho yake yalikuwa ya mtu anayeomba jambo lipite. Kidege akasubiri. Simu ikalia mara ya tatu.

"Kuna mama hapumui vizuri. Kuna mama huku hapumui! Mnanisikia?"

"Mjomba," alisema Kidege. Lilimtoka lenyewe. "Mjomba, nifunge?"

Hakujibiwa. Akafunga.

Moshi ukaanza kupungua. Hewa ya kabini nayo ikaanza kuvuja, masikio yakaziba, watoto wakalia. Mjomba akawa kama mtu aliyeamshwa kwa maji; akainamisha pua ya ndege, akaipitisha kwenye bonde kati ya vilele viwili kwa ustadi ambao Kidege hakuwahi kuuona kwa rubani mwingine, akaizima injini ile mbovu na kutua kwa iliyobaki, laini, kama siku ya ukaguzi. Abiria wakateremka wanakohoa na kutapika. Mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa anakwenda kusimamia mitihani akateremshwa kwa machela.

"Kazi nzuri, Kidege," alisema mjomba akivua barakoa. Akapangusa uso, akatoka.

Kinasa sauti cha ndege ile kuukuu kilikuwa kinajifuta na kujirekodi upya kila baada ya muda mfupi. Baada ya tukio kama lile ni wajibu wa kapteni kuvuta fyuzi yake kabla hajashuka, ili maneno ya mwisho yabaki. Mjomba hakuivuta. Kidege alimwona akiipita. Alidhani amechanganyikiwa; kisha akadhani labda kapteni anajua anachofanya; kisha naye akachukua kofia yake akashuka. Wafagiaji wakapanda, taa zikawashwa, na kinasa kikaendelea kurekodi mifagio.

*

Jioni ya siku ile aliyokufa mwalimu, mjomba alikuja. Alikuwa amevaa shati la kawaida, na bila sare alionekana amepungua.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

Mama akamletea chai, akarudi jikoni, na jikoni kukawa kimya, maana yake alikuwa anasikiliza. Mjomba akaizungusha chai bila kuinywa.

"Ijumaa kuna kikao ofisini," alisema. "Abiria wameandikisha kwamba moshi ulikaa muda mrefu. Sasa mtu amekufa. Wanataka kujua nani alichelewa."

"Na wewe umeshawaambia nini?"

"Nimewaambia niliamuru hewa ifungwe mara moja."

Kidege akangoja labda kuna neno jingine linakuja. Halikuja.

"Na mimi je? Mimi nilifanya nini, mjomba?"

"Uliganda kidogo. Ni jambo la kawaida kwa kijana, limewapata wengi. Hakuna atakayekutia pingu. Watakupeleka kozi ya marudio, utarudi kazini. Nimeshaongea na mkuu wa marubani."

"Umeshaongea naye kabla hujaongea na mimi."

"Nilitaka nije na jambo lililonyooka."

"Mjomba, mimi ndiye niliyefunga. Wewe uliniambia subiri."

Akainua mkono, si kwa ukali, kama mtu anayekinga jua. "Nisikilize. Nimebakiza miezi ya kuhesabu kwa vidole. Nikitolewa kwa kashfa, kiinua mgongo changu kinakwenda na maji, na mimi kwa umri huu nitaruka wapi tena? Wewe una miaka thelathini mbele yako. Leseni yako ilipatikana kwa kuuza kiwanja. Kiwanja kilikuwa cha nani? Sikukumbushi. Nauliza tu."

"Unanikumbusha."

"Haya, nakukumbusha."

Mjomba akakisukuma kikombe pembeni.

"Yule mama amekufa," alisema Kidege.

"Unadhani sijui? Unadhani mimi nalala?" Sauti yake ikapasuka, akairudisha chini. "Nilidhani moshi utakwisha wenyewe. Haki ya Mungu, nilidhani utakwisha."

Hilo, Kidege alilisadiki. Ndilo lililomuuma zaidi. Kama mjomba angekuwa mtu mbaya, kazi ingekuwa nyepesi.

*

Mama alingoja kukuche. Alisema asubuhi, akiwa anapiga pasi suruali za watu, mgongo ameupa mlango, maana kuna maneno ambayo mtu huyasema vizuri zaidi akiwa na kazi mkononi.

"Baba yako alipotuacha, nani alisimama hapa?"

"Mjomba."

"Ada nani alilipa?"

"Mama, unajua kilichotokea ni nini?"

"Najua. Nilikuwa jikoni, sikuwa kaburini."

"Basi?"

"Basi nini? Kweli unaijua wewe, naijua mimi, anaijua yeye, na Mungu anaijua. Sisi wanne hatutoshi?"

"Na mume wa mwalimu?"

Pasi ikasimama juu ya goti la suruali. Mama akaiinua haraka kabla haijaunguza. "Yeye hata akijua," alisema kwa sauti ya chini, "mkewe hatarudi. Mwenzetu bado tunaye. Usimzike mjomba wako akiwa hai, mwanangu. Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu."

Ni kweli hakuwahi. Alikuwa mwanamke wa kuagiza, si wa kuomba, na Kidege alipomgeukia akamkuta machozi yanamshuka bila sauti, anayapangusa kwa kitambaa anachofunikia nguo za wateja anapopiga pasi.

*

Ijumaa kitambulisho cha Kidege kilikataa kufungua mlango wa ofisi. Akakijaribu mara ya pili. Mlinzi, ambaye kila siku alikuwa anampigia saluti ya mzaha, akamwelekeza kwenye daftari la wageni.

"Hapa andika unakuja kumwona nani."

"Mimi nafanya kazi hapa."

"Najua, Kidege. We andika tu, usinitafutie matatizo."

Akaandika. Akakaa kwenye benchi la ukumbini, chini ya picha kubwa ya ndege ya shirika ikiwa juu ya mawingu. Wenzake walipita. Mmoja alimgusa bega bila kusimama. Wengine walikuwa na haraka ambayo hawakuwa nayo walipotokea kwenye kona.

Alipoitwa, ndani kulikuwa na mkuu wa marubani, mwanasheria wa shirika, na bibi wa utumishi aliyekuwa na sanduku la karatasi laini mbele yake, kana kwamba imepangwa mtu alie. Mjomba alikuwa amekaa kando katika sare kamili. Alikuwa amemaliza kusema yake.

Mhudumu ndiye aliyefuata. Alikuwa bado anakohoa. Aliulizwa kama alisikia amri yoyote kutoka chumba cha marubani.

"Nilipiga simu mara tatu," alisema.

"Hilo tunalo. Tunauliza, ulisikia kapteni anasema nini?"

Mhudumu akamtazama Kidege, kisha akatazama mikono yake. Ana watoto wawili na mkataba wa mwaka mmoja mmoja. "Kelele zilikuwa nyingi," alisema. "Sikusikia."

Zamu ya Kidege ikafika. Alianza na vali ya kulia. Alisema ndege ilipaa ikiwa na hewa ya upande mmoja, na kwamba kama ingekuwa na pande zote mbili, upande wa kushoto ungefungwa bila mtu kujiuliza.

"Hilo halihusiani na kikao hiki," alisema mwanasheria.

"Litakosaje kuhusiana? Tungekuwa na—"

"Ndege iliruka kwa mujibu wa kanuni. Kikao hiki kinaangalia mwenendo wa marubani." Akageuza karatasi ambayo haikuwa na haja ya kugeuzwa. "Swali ni moja, na ni rahisi. Uliamriwa kufunga hewa, ukachelewa. Ndiyo au hapana?"

Hapo ndipo Kidege alipoelewa kwamba hata mjomba hakuwa mwenye mchezo. Walikuwa hawamlindi yeye. Walikuwa wanalilinda lile neno "kanuni", na kati ya kipuri kilichochelewa, kapteni mzee na msichana wa tepe mbili, walikuwa wamekwishapima ni kipi chepesi kutupa.

Akamtazama mjomba. Kola ya shati ilikuwa pana kuliko shingo. Alikuwa amekaza macho kwenye meza, na midomo yake ilikuwa inasogea kidogo kidogo, kama siku ile, kama mtu anayeomba jambo lipite.

"Ndiyo," alisema Kidege. "Nilichelewa."

Mwanasheria akatabasamu kwa upole, akamshukuru kwa ukomavu wake. Bibi wa utumishi akamsogezea karatasi laini. Hakuchukua hata moja.

*

Kozi ya marudio haikuja. Ilikuja simu, baada ya wiki kadhaa, ya sauti ya kijana ambaye Kidege hakumjua. Ilisema kutokana na hali halisi, na kwa maslahi ya pande zote, shirika limeamua kumpumzisha.

"Kunipumzisha mpaka lini?"

"Kukupumzisha tu, dada."

Mama aliposikia alikaa chini. "Lakini walisema kozi."

"Walisema."

"Mjomba wako atakwenda kuongea nao."

Mjomba alisema atakwenda. Labda alikwenda. Alipokuja tena Jumapili, hakulitaja. Alikaa kwenye kiti chake cha siku zote, akasema shirika limeamua kumfanyia hafla ya kumuaga, kwamba wameomba aje na familia, na kwamba angependa dada yake amshonee suti kwa mkono wake. Mama akasema sawa. Akatoa futi ya kupimia shingoni kwake, akaanza kumpima mabega. Kidege alikuwa mezani anafumua pindo za nguo za wateja, maana ndiyo kazi aliyokuwa amebaki nayo, na kila uzi aliouvuta aliuvuta taratibu ili asilazimike kuinua kichwa.

Mlango ukagongwa. Alikuwa mwanamume mrefu, viatu vina vumbi la mbao, kofia ameishika kwa mikono miwili.

"Samahanini. Naulizia kwa Kidege."

"Nani anamwuliza?" alisema mama.

"Mimi ni seremala wa kule chini, karibu na shule." Akasita. "Mke wangu alikuwa mwalimu pale."

Futi ikabaki imetanda begani kwa mjomba. Mama akamkaribisha kwa sauti isiyo yake. Mgeni akakataa kiti, kisha akakubali kukaa kwenye benchi la wateja, pembeni kabisa, kama aliyekuja kuchukua nguo na bado haijawa tayari.

"Sikuja kugombana," alisema. "Ofisini waliniambia shauri limekwisha, kwamba rubani msaidizi amekiri. Nikasema sawa. Lakini usingizi umenikataa. Kuna kitu kimoja tu nataka kujua, ndiyo nikauliza unapokaa." Akamtazama Kidege, na macho yake hayakuwa na hasira, yalikuwa mekundu na makavu. "Wanasema ulijua cha kufanya. Wanasema ni swichi tu. Sasa ulikuwa unasubiri nini?"

Kidege akaweka wembe wa kufumulia mezani.

"Nilikuwa nasubiri ruhusa."

"Ruhusa ya nani?"

"Bwana," mjomba akaingilia, akishusha mabega chini ya futi, "msamehe. Huyu mtoto bado ana mshtuko. Daktari amesema asisumbuliwe na—"

"Ya huyu," alisema Kidege. "Huyu ndiye aliyekuwa kapteni. Aliniambia nisubiri, nikasubiri. Mhudumu akapiga simu, nikasubiri. Akapiga tena akasema kuna mama hapumui. Huyo mama alikuwa mkeo. Ndipo nikafunga, bila kuruhusiwa. Ningefunga mwanzo, labda leo angekuwa darasani."

Seremala hakumtazama mjomba. Aliendelea kumtazama yeye, kwa muda mrefu, na kofia ilikuwa inazunguka taratibu vidoleni mwake.

"Na kule ofisini ulisemaje?"

"Nilisema ni mimi."

"Kwa nini?"

Kidege akamtazama mama, kisha mjomba. Kila jibu alilokuwa nalo lilikuwa ndani ya chumba kile, limekaa, linamtazama.

"Basi sasa," alisema seremala, akainuka, "nikienda kusema haya, nani atanisikiliza? Wewe mwenyewe umekwishaniziba mdomo." Akavaa kofia. Akamgeukia mama, akainamisha kichwa kwa heshima. "Asante kwa kunikaribisha."

Walimsikia mpaka hatua zake zikapotea barabarani. Mjomba akaivuta futi kutoka begani, akaitupa juu ya mashine.

"Umefurahi? Umenivua nguo mbele ya mtu baki. Mimi! Mjomba wako!"

Aliyejibu ni mama, na hakupandisha sauti.

"Nguo hiyo tulikushonea sisi, kaka. Mimi nilishika kitambaa, huyu akachomwa sindano." Akaokota futi, akaizungusha kidoleni mpaka ikawa gurudumu dogo, akaitia mfukoni. "Suti katafute fundi mwingine."

Mjomba akatoka. Mama akaingia chumbani kwake, akafunga mlango, na kilio alicholia huko hakikuwa cha kumwonea huruma binti yake peke yake. Alikuwa amempoteza kaka, na alijua.

*

Asubuhi Kidege alivaa gauni la kawaida, akaenda kwenye ofisi ya serikali inayosimamia usafiri wa anga. Akapelekwa kutoka dirisha moja hadi jingine, akaambiwa mhusika yuko kwenye kikao, akaambiwa arudi kesho, akasema atasubiri. Mhusika alipotoka kikaoni akawa mwanamume wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, mchovu lakini si mkali.

Akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua miwani.

"Dada, nikuambie ukweli kabla sijaanza kuandika. Ulikiri mbele ya mwajiri wako. Sasa unakana. Mtu akitazama haya mawili, atasema ulidanganya mahali fulani, pale au hapa. Leseni yako sidhani itarudi. Na kapteni ana rekodi safi ya miaka mingi. Bado unataka?"

"Ndiyo."

"Na vali ya kulia, unataka niiweke?"

"Iweke ya kwanza."

Akavaa miwani, akaanza kuandika. Aliuliza kuhusu ndege weupe, kuhusu mtetemo, kuhusu harufu, kuhusu simu za mhudumu. Kidege alijibu vizuri, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile alijisikia yuko kazini. Kisha wakafika pale.

"Moshi umeingia. Wewe unajua kwamba hewa ya injini iliyoumia inatakiwa kufungwa. Kapteni anakosea, na wewe unajua anakosea. Mafunzo yanakuruhusu kuchukua hatua. Hukuchukua. Kwa nini?"

"Kwa sababu alikuwa mjomba wangu."

Kalamu ikasimama. Yule bwana akamtazama juu ya miwani, kwa huruma kidogo, kama mtu anayemwona mteja amekuja kwenye dirisha lisilo lake.

"Hiyo si sababu ya kiufundi, dada. Mimi hapa nahitaji sababu ya kiufundi."

"Sina nyingine," alisema Kidege.

Bwana yule akangoja kidogo, labda Kidege angekumbuka nyingine. Kisha akaacha nafasi tupu, akaendelea na swali linalofuata.